Wiki Sita za Nyamizi

Mama Nyamizi alifariki mwezi uliopita. Tangu tumzike nimekuwa nikikaa barazani kwangu hapa Isevya kila asubuhi, daftari mapajani, nikijaribu kuandika jambo ambalo nisingethubutu kuliandika yeye akiwa hai. Mwenyewe hakujua kusoma, lakini angeweza kusomewa. Vitukuu wa nduguze wamesoma, na watoto hupenda kuwasomea wazee kwa sauti kubwa. Kila mwaka baada ya mavuno nilikwenda kumtazama kijijini kwake, karibu na Goweko. Nikifika alitoka nje, akakinga macho kwa kiganja na kuita, "Nyamizi, umefika?" Kisha akanitambua, akacheka kidogo, akasema, "Karibu, Zuhura." Miaka mitatu ya mwisho hakujisahihisha tena, nami niliitikia tu. Nimekuwa muuguzi tangu ujanani hadi nilipostaafu. Nimefumba macho ya wafu wengi, na wengi wao, Mungu anisamehe, nimewasahau hata majina. Lakini mwaka ule mmoja nimebaki nao wote.

Ulikuwa mwaka wa watu kuhamishiwa vijijini. Nilikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, na kwa kuwa mabweni yalijaa nilipanga chumba hapa hapa Isevya kwa bibi mmoja muuza vitumbua. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, jiko la mkaa lililokaa mlangoni, na dirisha lililotazama ukuta wa nyuma wa ghala la mfanyabiashara wa Kihindi. Mchana kutwa tuliwasikia vibarua wake wakibishana mle ndani juu ya magunia, na harufu ya karanga mbichi iliingia mpaka kwenye shuka. Humo ndimo Nyamizi alimokuja kulala kila mwisho wa mwezi. Tulisoma naye shule moja ya bweni miaka minne, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Sasa alikuwa mwalimu katika kijiji kipya, mwendo wa saa moja kutoka stesheni ya Goweko, na jioni alifundisha kisomo cha watu wazima. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye maneno mengi na kicheko cha kuanzia tumboni. Kitu kimoja tu kilimtenga nasi tangu shuleni: hakukimbia. Tukiwa kidato cha pili aliugua viungo, magoti yakavimba, maumivu yakahamia viwikoni, akalala wiki tatu. Alipoinuka moyo wake ulikuwa na sauti. Tulikuwa tukipanga foleni bwenini kuweka sikio kifuani kwake kama mchezo. Ilikuwa sauti ya mtu anayepuliza moto taratibu, asiye na haraka ya kuuwasha.

Mwezi mmoja kabla ya Idi alikuja na shavu limevimba. Jino lilikuwa limemsumbua, akaenda zahanati, likang'olewa, basi. Hakuna aliyemuuliza habari ya moyo, naye hakuona sababu ya kuutaja kwa mtu anayeshughulika na kinywa. Mwezi uliofuata alikuja akiwa amekonda. Alikula vitumbua viwili badala ya sita, akajifunika khanga mbili kwenye joto la kiangazi. Nilimwambia amekonda, akasema hajakonda, ni gauni limepanuka. "Homa tu, Zuhura. Inakuja jioni, asubuhi imekwenda. Nimemeza klorokwini mpaka masikio yanaimba." Ilikuwa siku ya kuamkia Idi, nami nilikuwa nimekoroga hina kwenye bakuli la udongo. Yeye hakuwa Mwislamu, ila Idi yangu aliifanya yake kama nilivyoifanya Krismasi yake yangu. Nilimshika mkono wa kushoto ili nianze kumpaka, nikaona chini ya kucha vistari vyembamba, vyekundu vya kuivia weusi, viwili kidole cha kati, kimoja cha pete.

"Hivi nini?"

"Vibanzi vya kuni, mwenzangu. Kijijini kwetu nani atuletee mkaa?"

"Mwalimu mzima, vidole kama vya mpasua kuni!"

Tukacheka. Nikampaka hina kucha zote kumi, vizuri, tabaka mbili, mpaka vistari vikapotea. Nimefundisha wauguzi wengi baada ya hapo, na kila darasa nililianzisha kwa kuwaambia watazame kucha za mgonjwa wa homa isiyokwisha. Waliniona mtu wa vitu vidogo vidogo. Sikuwaeleza kamwe nilijifunzia wapi.

Wiki mbili baadaye, saa nane mchana, nilirudi kutoka hospitali nikamkuta ameketi sakafuni chumbani kwangu, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa. Alikuwa ametembea kutoka stesheni ya reli, akipumzika kila nyumba ya tatu. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. "Nimekuja unitazame," alisema, "maana wewe ndiye unayesomea mambo haya." Nilimweka kwenye baiskeli ya jirani, nikaisukuma mimi mwenyewe hadi hospitali, na jioni ile ile akaonwa na Daktari Shirin. Daktari huyu alizaliwa papa hapa mjini, baba yake akiuza vitambaa karibu na soko, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora hasa. Akikasirika ndipo ungesikia Kigujarati kidogo chini ya pumzi. Alimsikiliza Nyamizi kifuani muda mrefu sana, macho amefumba. Akamsikiliza mgongoni. Akambonyeza upande wa kushoto chini ya mbavu, Nyamizi akaguna, Daktari akasema bandama limekua. Kisha akainua mkono wake, akatazama kucha.

"Hina hii nani kampaka?"

"Mimi, Daktari," nilisema.

"Kabla hujampaka, uliona nini chini ya kucha?"

Nilimweleza. Alivuta kope la chini la Nyamizi, akaniita niangalie. Kwenye wekundu ule laini palikuwa na vidoa vitatu vya damu, kila kimoja kama kichwa cha pini. Akamuuliza Nyamizi kama aliwahi kuugua viungo, akaitika. Akamuuliza kama amefanyiwa kitu chochote mwilini miezi hii miwili mitatu, sindano, jipu, jino. "Jino," alisema Nyamizi, akafungua kinywa kumwonyesha pengo.

Daktari aliketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akamweleza kama anavyoelezwa mtu mwenye akili zake. Moyo una vyumba, alisema, na kati ya vyumba kuna milango inayofunguka na kufunga ili damu iende mbele isirudi nyuma. Ule ugonjwa wa viungo wa utotoni uliacha kovu kwenye mlango mmoja. Jino lilipong'olewa, vijidudu vya kinywani viliingia kwenye damu. Kwa mtu mwingine vingepita tu na kufa, lakini kwake vilikuta kovu, vikashika hapo, vikaota kama kuvu kwenye mkate. "Vinaula mlango," alisema. "Na vimejifunika kwa damu iliyoganda, kwa hiyo dawa inavifikia kwa shida. Ndiyo maana itakuwa penisilini kila saa nne, mchana na usiku, na streptomaisini juu yake, kwa wiki sita. Ukiona umepona wiki ya pili, hujapona. Ukiona umepona wiki ya nne, hujapona. Umenielewa, mwalimu?"

"Na nikiishia ya nne?"

"Vitakavyobaki vitaota upya. Na kile kinachoota kikimeguka, kipande kinakwenda damu inakokwenda."

"Wapi?"

Daktari alimgusa mguu, akamgusa tumbo, kisha, kwa upole, akamgusa kichwa.

Alipewa kitanda cha dirishani katika wodi ya wanawake. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kuchemsha mabomba ya sindano, yale ya kioo, kwenye sufuria pana, kisha kuchanganya unga wa penisilini na maji safi na kutikisa kichupa mpaka povu litulie. Sindano sita kwa siku, na mbili au tatu kati yake zilikuwa zangu. Wiki ya kwanza makalio yake yalikuwa magumu kama ubao. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji moto, naye akiuma kona ya mto na kunitukana kwa Kinyamwezi ili wagonjwa wengine wasielewe, akisahau kwamba nusu ya wodi ilikuwa Wanyamwezi. Walicheka mpaka na yeye akacheka. Chakula chake kilikuwa bila chumvi kwa ajili ya moyo, na hicho ndicho alichokilalamikia kuliko sindano. Uji usio na kitu, maharage yasiyo na kitu. Mama yake alipokuja, akiwa ameshika viatu mkononi tangu stesheni ili visichakae, alileta matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na chupa ya asali ya msituni, na Daktari akakubali asali. Mama Nyamizi aliketi kwenye mkeka kando ya kitanda siku tatu nzima. Kila nilipoingia na sindano aligeuza uso ukutani, kisha nikimaliza aliniambia "ahsante, mwanangu" kana kwamba sindano nimechomwa mimi.

Siku ya sita homa ilishuka. Siku ya tisa aliomba daftari. Kufikia wiki ya tatu mashavu yamerudi, anatembea hadi mlangoni na kurudi bila kupumzika, na wanawake wawili wa vitanda vya jirani wameshajua kuandika majina yao nyuma ya makaratasi ya chati za zamani. Nilikuwa nikimaliza zamu nakaa naye, tunagawana asali kwa kijiko kimoja, tunapanga mambo. Angeomba uhamisho aje kufundisha mjini. Tungepanga vyumba viwili badala ya kimoja. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, furaha ya kumwona mtu akirudi siku kwa siku kwa kitu ulichokitikisa mwenyewe kwenye kichupa. Nilikuwa kijana, na nilidhani kinachoonekana kwa macho ndicho kilichopo.

Siku ya ishirini na mbili, saa za kutazama wagonjwa, alikuja Bi Sato, jirani wa mama yake, kumwona shangazi yake aliyelazwa kitanda cha tatu. Nilikuwa nikikunja mashuka, Nyamizi amefumba macho kama aliyelala. Bi Sato alikuwa na sauti ambayo hata akinong'ona inafika uani. Alimweleza shangazi kwamba malori yamefika kule kwenye kaya za msituni. Watu wamepewa asubuhi moja tu kutoa vitu. Mapaa yameshushwa ili wasirudi. Wenye watoto wakubwa wameshasimamisha nguzo kwenye viwanja vipya kule anakofundisha mwalimu, lakini yule mama yake, maskini, amekaa kiwanjani na vyungu vyake na kuku wake wanne, na juzi mvua imemnyeshea mpaka asubuhi. Ndipo akageuka, akaona macho ya Nyamizi yamefunguka.

"Ee, mwalimu, kumbe u macho. Mama anakusalimu. Amesema kama unaweza kusimama, uje. Peke yake nyumba haiwezi."

Nyamizi alimwomba Daktari ruhusa asubuhi iliyofuata. Alimwomba vizuri, kwa heshima, siku nne tu. Daktari Shirin alihesabu kwenye chati kwa ncha ya kalamu. "Leo ni siku ya ishirini na tatu. Zimebaki kumi na tisa. Kwa ajili ya mama yako nitamwandikia mwenyekiti wa kijiji wamsaidie. Wewe hutoki." Aliandika kweli ile barua, nilimwona. Lakini barua ingefika lini? Mvua zilikuwa zimeanza, na wenyeviti siku zile walikuwa na barua nyingi.

Nguo za wagonjwa zilikaa stoo, zimefungwa vifurushi vyenye majina, na wiki ile ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Alinifuata nilipokuwa nikichemsha mabomba. Hakulia. Angelia, labda ningekataa.

"Zuhura, nipe nguo zangu."

"Umemsikia Daktari."

"Nimemsikia. Yeye ana baba mwenye nyumba ya ghorofa. Mama yangu amelala kwenye matope. Nitasimamisha nguzo, nitawaomba wanakisomo wangu waezeke, Jumamosi niko hapa. Hebu nitazame. Naonekana mgonjwa?"

Nilimtazama. Hakuonekana mgonjwa. Chati yake ilikuwa imenyooka kama mstari wa rula kwa zaidi ya wiki mbili. Nilijiambia kwamba madaktari husema sita wapate nne. Nilifungua stoo. Nikampa gauni lake la kijani, khanga na viatu, na kwa kuwa nilijiona muuguzi tayari, nilichota vidonge vya penisilini kwenye toroli, nikavifunga kwenye karatasi, nikamwambia ameze vinne kwa siku, vitashikilia mpaka arudi. Vidonge vile kwa ugonjwa ule ni sawa na kuzima moto wa msitu kwa kikombe cha chai. Alinibusu shavuni, akatoka kwa mlango wa jikoni, akiwa amenyooka, kama mtu anayekwenda kazini.

Jumamosi hakurudi. Jumapili nilikwenda stesheni, nikatazama kila behewa mpaka la mwisho. Wodini, Daktari aliuliza mara moja tu nani alimpa nguo, nami nikainamia mashuka pamoja na wenzangu. Siku ya nane tangu aondoke sikuweza tena. Nilimkuta ofisini kwake, chumba chembamba chenye kabati la faili na chupa ya chai ya maziwa, nikamwambia yote, na vidonge pia. Nilitegemea anifukuze. Alifunika chupa ya chai taratibu, akakaza kifuniko.

"Kesho kuna treni," alisema. "Wewe uliyempa nguo ndiye utakayekwenda kumleta. Hata kama atakutukana. Hata kama paa halijaisha."

Nilifika saa tano asubuhi. Kijiji kilikuwa mistari ya nguzo mbichi kwenye udongo mwekundu, na mvua ya jana imekiosha kila kitu. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa na wanawake sita wakikandika ukuta, amejipaka matope mpaka viwikoni, anaimbisha, wenzake wanaitikia. Nusu ya paa ilikuwa imeezekwa. Mama yake alikuwa anakanyaga udongo wa kukandikia, sketi imefungwa magotini, naye akicheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku ile. Aliponiona alipiga kigelegele. "Shikamoo, mama," nilisema. "Marahaba, mwanangu, marahaba! Umekuja kutusaidia?" Nilikaribishwa chini ya nusu ya paa, tukala ugali wa mtama na uyoga wa mvua za kwanza uliopikwa kwa karanga. Nyamizi alikuwa akimega matonge makubwa na kuyaweka pembeni mwa sahani bila kuyala. Nilinyoosha mkono kama ninayemtoa tope, nikamshika shingoni. Alikuwa anawaka.

"Tangu lini?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Jana." Akanitazama. "Juzi. Usimwambie mama."

Hakubisha kuondoka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliosha mikono, akamwambia mama yake anarudi kumalizia sindano chache tu, kwamba paa lililobaki wanakisomo wataliezeka Jumatano. Mama yake alimfungia karanga za kuchemsha kwenye kitambaa. Mwalimu mwenzake alitupatia baiskeli, nikamsukuma kama nilivyomsukuma siku ile ya kwanza, na njia nzima alikuwa akiniambia niende polepole, si kwa ajili yake, ila nisiteleze nikamwaga karanga.

Stesheni tuliketi kwenye benchi tukingojea treni ya mchana. Jua lilikuwa limetoka. Alikuwa akimenya karanga, ananipa moja, anakula moja, ananihadithia juu ya mzee mmoja wa kisomo, mkaidi kuliko wote, aliyekataa kwa miezi mitatu kushika chaki. "Wiki iliyopita," alisema, "nimefika darasani, namkuta amesimama ubaoni peke yake. Ameandika neno moja, kubwa hivi. Namuuliza, 'Babu, umeandika nini?' Akanigeukia, akasema..."

Akanyamaza. Nilidhani anatafuna. Nikasema, "Akasemaje?" Karanga zilikuwa zinamwagika kutoka mkono wake wa kulia, moja moja, halafu zote. Nikamtazama. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Macho yake yalikuwa yananitazama, yenyewe kabisa, yanashangaa, na kinywa kilikuwa kinatafuta ile herufi ya kwanza na hakiipati. Nilimshika asianguke. Nilimwita jina. Nilijua kilichotokea, maana nilikuwepo Daktari alipomgusa kichwa. Nilimlaza mapajani mwangu, na watu wa stesheni wakakusanyika, na treni ikachelewa dakika arobaini ambazo ningetoa maisha yangu zisiwepo. Nimewauliza watu wengi wa kijiji kile, miaka na miaka, mzee yule aliandika neno gani, alisema nini. Hakuna anayejua. Mzee alikufa mwaka uliofuata.

Daktari Shirin alianza tena penisilini, kipimo maradufu, ndani ya mshipa. Hakunilaumu; alinipa kazi zote za Nyamizi, kumlisha, kumgeuza, kumwosha. Mkono na mguu wa kulia havikuwa vyake tena, na maneno yalikwisha kabisa, isipokuwa sauti moja ya "a" ambayo aliitumia kwa kila kitu: maji, maumivu, jina langu. Alielewa tulichosema. Wale wanawake wawili aliowafundisha kuandika walileta karatasi zao wakaziweka kitandani, na yeye akazigusa kwa mkono wa kushoto. Hina ilikuwa imefika nusu ya kucha. Chini yake, kwenye kucha mpya, vistari vilikuwa vimerudi. Siku ya saba mlango wa moyo ulishindwa. Miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kukoroma kama maji yanayochemka mbali. Siku ya tisa, asubuhi, wakati wa kugawa uji, nilikuwa nimemwegemeza begani kwangu ili apumue. Uji wake niliutia chumvi kidogo siku ile. Alionja, akanitazama, upande mmoja wa mdomo ukacheka. Alimeza vijiko vitatu. Kabla ya cha nne alikuwa amekwenda. Nilibaki nimemshikilia na kijiko mkononi, mpaka mwanamke wa kitanda cha pili alipokuja kunitoa kijiko kile vidoleni.

Jioni nilimuuliza Daktari. Nilitaka aniambie uongo, nadhani. "Siwezi kuapa," alisema. "Lakini homa ilikuwa imekwisha, bandama lilikuwa limeanza kupungua, na zilibaki siku kumi na tisa. Unaniuliza, ninakujibu: naamini angepona." Kisha akaweka mkono wake kichwani pangu, akauacha hapo kwa muda, akarudi wodini.

Tulimzika kule msituni, kwenye mahame ya kaya yao ya zamani, ambako kuta zilikuwa bado zimesimama bila mapaa. Mwenyekiti wa kijiji aliruhusu. Nilikaa na mama yake siku tatu katika nyumba mpya, ambayo sasa ilikuwa imeezekwa yote. Wanakisomo walikuwa wamefanya walivyoahidi. Kuta zilikuwa hazijakauka, na ungeweza kuona alama za vidole vyao wote kwenye udongo. Mama Nyamizi hakuwa amelala tangu habari zimfikie. Alikaa, akasimama, akafagia palipofagiwa. Siku ya tatu wageni waliondoka, nami nikawa nimefunga kifurushi changu niwahi treni ya mchana. Akaja akakaa kwenye mkeka mbele yangu.

"Zuhura. Wewe umesomea mambo haya, na wewe hutanidanganya. Mimi ndiye niliyemwita. Nilimtuma Sato kwa mdomo wangu. Kama ningenyamaza, nikakaa na mvua yangu, mtoto angepona?"

Alikuwa ananitazama kama walivyokuwa wakinitazama wagonjwa nikiingia na sindano, wakitaka iishe upesi. Nguo nilizompa Nyamizi hakuzijua. Vidonge hakuvijua. Nilifikiri kwamba nikisema kweli tutakuwa wawili wenye mzigo huu, na labda kila mmoja angeubeba kwa wepesi kidogo. Nilifikiri hivyo kwa muda wa pumzi moja.

"Hapana, mama," nilisema. "Ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali. Hata angebaki kule, asingepona. Afadhali alikuja mkakaa pamoja."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Alijilaza taratibu kwenye mkeka, upande, akaweka kichwa mapajani mwangu, mwanamke yule mrefu, akakunja magoti. Baada ya muda mabega yakalegea, pumzi ikawa nzito. Nje kuku walikuwa wanaparura udongo uliobaki wa kukandikia. Niliisikia treni ikipiga honi mbali, ikasimama, ikapiga tena, ikaondoka kuelekea Tabora. Sikuinuka. Miguu yangu ilikufa ganzi mpaka kiunoni, na jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na mimi sikusogea, maana alikuwa amelala.